Kibali cha Kumtukana Marehemu

Mimi ni Yeremia, mwana wa Ngwelo, mwana wa Mtwangule, mwana wa Sagamiko, yule aliyepanda mlimani na mbegu za uwele katika kibuyu na hakumwomba mtu shamba. Katika ukoo wetu hakuna aliyepata kuitwa barazani kujibu shtaka, wala aliyekula haki ya yatima, wala aliyeketi mbele ya mkubwa wake kabla hajaambiwa keti. Baba yangu Ngwelo aliwazika Wasendwe arobaini na mmoja kwa mikono yake, akawatukana wote mbele ya wajane wao, na hakuna hata mjane mmoja aliyelalamika kwamba mumewe hakutukanwa vya kutosha. Nimeanza na hayo ili msomaji ajue kuwa anayemsimulia si mropokaji.

Nchi ninayoisimulia haina jina. Ilikuwa nalo, lakini iligunduliwa kwamba jina hilo lilipendeza zaidi midomoni mwa watu wa kaskazini kuliko wa kusini. Kwa ajili ya umoja, likapelekwa kwenye kamati ndogo, na hadi leo halijarudi. Sisi raia hatukuhangaika. Nchi inaweza kukaa bila jina miaka mingi. Kisichoweza kukaa ni maiti.

Hapo yanipasa nieleze mila yetu. Sisi Wanyigo twakaa mlimani, twalima uwele. Wasendwe wanakaa bondeni, wanafuga ng'ombe na kuvua kambare mtoni. Zamani za Sagamiko tulipigana misimu saba, mpaka hapakubaki mtu wa kumzika mwenziwe. Ndipo wazee wa pande mbili walipokutana, wamechoka hata kuinua mkuki, wakaapa kiapo kimoja: Mnyigo akifa atateremshwa kaburini na Msendwe, na Msendwe akifa atateremshwa na Mnyigo, na anayeteremsha atamtukana marehemu mpaka wafiwa wacheke. Ndugu hawamteremshi ndugu yao. Wakifanya hivyo, twasema wamemtupa.

Wahenga wale hawakuwa na shahada yoyote, lakini walitambua jambo jepesi. Huwezi kumuua mtu ambaye kesho utamhitaji akuzike, wala huwezi kumchukia mtu ambaye tusi lake lilikuchekesha siku ya msiba wa mama yako. Huo ndio utani wetu, nao ulituweka hai vizazi vitano bila askari hata mmoja.

Mtani wangu aliitwa Kasuka. Yeye nami tulikuwa na kazi ambayo hatukutumwa na mtu: kila paliponuka ugomvi kati ya mlima na bonde, tulikwenda pamoja kuuzima. Hatukuwa na ofisi wala bendera. Mwaka mmoja ng'ombe wa Wasendwe waliingia katika uwele wa Wanyigo, vijana wakatoka na mapanga. Kasuka alitembea hadi katikati ya shamba, akajilaza chali juu ya mabua yaliyovunjwa, akasema, "Mimi nimekwisha kufa. Nanyi Wanyigo, kwa kuwa mmekuja na vyuma, chimbeni." Nami nikasimama juu yake, nikamtukana kuanzia nywele hadi ukucha, nikataja pua yake, nikataja posa alizokataliwa, mpaka mwenye shamba akatupa panga na kujishika mbavu. Jioni ile mwenye ng'ombe alileta ndama, mwenye shamba akapika, na vijana wale walikula katika sinia moja.

Basi Serikali ikasikia kwamba kwetu kuna amani, ikashtuka.

Wizara ya Maelewano ilimtuma mtaalamu, Bwana Fulgensi, kijana mwenye adabu na suruali iliyopigwa pasi. Alinikuta nyumbani kwangu, Kasuka ameketi kando yangu anakula muhogo wangu.

"Mzee, shikamoo. Wilaya yenu haina taarifa hata moja ya mgogoro," alisema kwa huzuni.

"Marahaba. Twamshukuru Mungu."

"Usishukuru, mzee wangu. Wilaya isiyo na mgogoro haiwezi kupatanishwa, na isiyopatanishwa haiingii katika orodha ya wilaya zenye amani. Kwa mujibu wa sheria, ninyi hapa hamna amani."

Akafungua dodoso lake juu ya goti. "Swali la kwanza. Unawaonaje Wasendwe?"

Kasuka alinitazama. Mtu aliyelelewa vyema, akiulizwa swali hilo mbele ya mtani wake, hana hiari. Akisifu amemwaibisha mwenziwe.

"Wasendwe?" nilisema. "Hao ni watu? Wanakula kambare na masharubu yake, kisha wanakuja kwetu kuazima wembe. Babu yangu aliwapata kwa kibaba cha uwele, na mpaka anakufa alikuwa anaulilia uwele wake."

Bwana Fulgensi aliandika. Akapiga mstari chini ya alichoandika, mara mbili.

"Na wewe, mzee mwingine, unawaonaje Wanyigo?"

"Mnyigo," alisema Kasuka akimeza muhogo, "huutikisa mfuko wa chumvi juu ya chungu bila kuufungua, kisha huurudisha darini. Huyu unayemwona, nitamzika kichwa chini, asije akarudi kunidai muhogo."

"Utamzika? Umepanga lini?"

"Mapema iwezekanavyo, mwanangu. Ananichelewesha yeye."

Tulicheka mpaka Kasuka akapaliwa, nikampiga mgongoni, naye Bwana Fulgensi akaandika kwamba nimempiga. Ningeweza kumweleza. Pumzi nilikuwa nayo, na lugha ninayo. Lakini niliona ni fedheha kumfafanulia mtu mzima kitu anachokijua mtoto wa miaka minne. Nikasema moyoni kwamba asiyejua utani hakufunzwa kwao, na aibu ni ya kwao. Kiburi hicho nakikiri hapa kwa mkono wangu.

Taarifa ilitoka baada ya mwezi, kurasa mia mbili, chini ya kichwa kisemacho: Chuki Iliyokomaa. Mimi na Kasuka tulitajwa ndani yake kuwa viongozi wa pande hasimu.

Baada ya taarifa alikuja Waziri mwenyewe, Daktari wa Heshima mara nne, Mlezi wa Utulivu na Shahidi wa Maridhiano. Alisimama juu ya jukwaa sokoni, pale Wanyigo walipozoea kubadilishana uwele kwa samaki.

"Ndugu wananchi!" alisema. "Leo nina uchungu, na nina fahari. Nina uchungu kwa kuwa mnachukiana kwa kiwango ambacho vyombo vyetu havijapata kukipima. Nina fahari kwa kuwa Serikali yenu imewahi. Kuanzia leo, hakuna Mnyigo atakayemkosea Msendwe, wala Msendwe atakayemkosea Mnyigo. Na kwa nini? Kwa sababu hawatakutana!"

Tulipiga makofi. Tulidhani ni utani, na kwa Waziri ulikuwa utani mzuri sana.

Kesho yake zilikuja roli za seng'enge. Waya ulipita katikati ya soko, ukapanda mlima, ukashuka bonde, ukaitwa Mstari wa Maelewano. Palisimamishwa pia sanamu ya mikono miwili inayoshikana. Lakini kwa vile mkono mmoja ulitakiwa uwe kwetu na wa pili kwao, na waya haukuweza kupindishwa, mafundi waliiacha mikono ikiwa mbali hatua mbili. Waziri alisema nafasi ile iliyobaki ni ya mazungumzo.

Kila Alhamisi saa nne, kila upande ulifundishwa kuuelewa upande wa pili. Walimu wetu walitubandikia picha ya Msendwe, iliyochorwa mji mkuu na mtu asiyepata kumwona: alikuwa na mkuki, na macho mekundu. Chini yake tulisoma kwa pamoja, "Jirani yangu ni tofauti nami, na ninaivumilia tofauti yake." Mjukuu wangu Lukelo, aliyejifunza kuogelea akiwa ameshika shingo ya Kasuka, aliisoma vizuri kuliko wote akatunukiwa cheti.

Waya ulipotimiza miaka minne, Lukelo aliniuliza, "Babu, hivi wale walitufanyia nini?"

"Kina nani?"

"Wasendwe."

"Hawakutufanyia kitu."

"Aa, babu! Serikali nzima ifunge waya wote ule bure?"

Nilimwambia anyamaze asimjibu mzee, nalo halikuwa jibu.

Mimi na Kasuka hatukuacha kazi yetu. Kila siku ya soko tulikwenda kwenye waya, yeye upande wake na mimi wangu, tukatukanana kwa sauti ili vijana wasikie na kujifunza. Wazee wenzetu walikuja kutusikiliza. Vijana walipita upande wa mbali, na walinzi walituandikia maonyo. Tulikuwa tumefikisha maonyo kumi na nane Kasuka alipoletwa na wanawe akiwa amebebwa, miguu imevimba.

"Yeremia," alisema, "mimi mwezi huu simalizi. Usikubali watu wa Wizara waniteremshe. Wala usiwaache wanangu wanitupe."

"Nitakuteremsha mwenyewe."

"Na nataka tusi ambalo hujapata kulitoa."

"Hilo liko tayari tangu siku uliyozaliwa. Lilikuwa linangoja tu unyamaze."

Alicheka. Mlinzi akatuandikia onyo la kumi na tisa.

Alikufa Jumatatu asubuhi. Mkewe, Bi Tulinave, alikuja kwenye waya amejifunga kanga kiunoni, akaita kama inavyoitwa: "Mtani! Mtani wee! Mzigo wako umekwisha kufungwa, njoo uuchukue!"

Nilikwenda Ofisi ya Kivuko, inayotoa vibali vya kuvuka waya. Bwana Fulgensi alikuwa amepandishwa cheo, sasa ndiye Mkuu wa Kivuko. Aliniamkia kwa heshima, akanipa kiti, akatoa fomu.

"Sababu ya kuvuka, mzee wangu?"

"Kumteremsha marehemu Kasuka kaburini, na kumtukana."

Aliweka kalamu chini. "Mzee, mtu amekwisha kufa. Hata sasa moyo haujapoa?"

Safari hii nilikimeza kiburi changu. Nilimweleza yote, kuanzia Sagamiko, neno kwa neno, saa nzima. Alinisikiliza akitikisa kichwa, na machozi yalimlenga.

"Nimekuelewa sana, mzee," alisema. "Kazi yangu ni kuelewa. Basi utayaandika matusi hayo kwa nakala tatu, na Kamati ya Lugha Laini itayapitia ikikaa Alhamisi ya wiki ijayo."

"Bwana, joto hili? Mwisho ni Jumatano."

"Kuna fomu ya dharura."

"Nipe hiyo."

"Hiyo yahitaji ridhaa ya mtukanwaji. Aweke saini yake hapa."

"Mtukanwaji ndiye marehemu."

"Naam. Basi anaweza kutuma barua."

"Aliniridhia kwa kinywa chake, pale kwenye waya, na mlinzi alikuwapo."

Alifungua jalada langu, akalamba kidole, akafunua. "Kweli, ninayo hapa. Onyo la kumi na tisa: 'Wazee wawili walitishiana maisha, mmoja akakiri kuwa anangojea mwenzake anyamaze.'" Alifunga jalada taratibu. "Mzee, hii haikusaidii. Inakumaliza."

Nilipiga magoti. Mwana wa Ngwelo, ambaye hakupata kupiga magoti ila kanisani, nilipiga magoti juu ya saruji mbele ya kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, nikasema, "Mwanangu, nakuomba. Asipoteremshwa na mtani, wale vijana hawataona tena kwa macho yao namna jambo hili linavyofanyika. Mimi ndiye wa mwisho kwetu anayelifanya, na yeye alikuwa wa mwisho kwao. Nipe nusu saa tu."

Bwana Fulgensi aliondoka kitini haraka, naye akapiga magoti mbele yangu, kwa kuwa mwongozo wa Wizara unakataza mmoja kuwa juu ya mwenziwe katika mazungumzo. Tukabaki hivyo, tunatazamana.

"Siwezi," alisema. "Lakini Serikali haiwezi kumwacha raia wake bila mtani. Tutampeleka Mtani wa Serikali. Amesomea wiki sita."

Jumatano, Bi Tulinave aliamuru kaburi lichimbwe kando ya waya, pasizidi urefu wa mkono. Wanawe walimwuliza kwa nini, akasema, "Mtani haruhusiwi kuja kwa maiti. Sasa mmesikia katazo lolote la maiti kumwendea mtani?" Walinzi walitazama katika mwongozo wao, hawakuliona, wakasimama kando.

Watu walijaa. Upande wao walikuwa wazee wachache na vijana wengi. Upande wangu, hivyo hivyo. Mtani wa Serikali, amevaa tai ya Wizara, alisogea akakunjua karatasi. "Marehemu," alisoma, "alikuwa na mapungufu ya kawaida ya kibinadamu, ambayo sote tunayavumilia." Akangoja tucheke. Nzi ndio waliosikika.

"Mtoeni huyo," alisema Bi Tulinave, kisha akageukia waya. "Mtani! Upo?"

"Nipo, shemeji."

"Umekuja kupunga upepo? Mume wangu ananuka, anakungoja wewe tu. Au Mnyigo umeuza hata ulimi?"

Niliingiza mikono yangu miwili katika seng'enge mpaka mabegani. Mikono ya shati ikachanika, na ngozi nayo. Walinipa ncha za kamba upande wa kichwani, na jirani yangu mmoja, mzee kama mimi, akaingiza mikono akashika za miguuni. Tukaanza kumshusha, nami nikapaza sauti.

"Kasuka, mvivu wewe! Miaka sabini nakufahamu, hukupata kumaliza kazi uliyoianza. Leo ndiyo mara ya kwanza naona umemaliza kitu, nacho ni pumzi, nayo uliazima! Funza wa udongo huu, nawaonea huruma: wamealikwa karamu na nyama yenyewe ni hii! Nenda. Na ukifika kwa baba zako, waambie Mnyigo amekushusha kama gunia la pumba, wala hakulia."

Nilikuwa ninalia.

Bi Tulinave alicheka. Alicheka kama inavyotakiwa, kicheko kinachotoka na kilio ndani yake, akajipiga paja akasema, "Umesikia, Kasuka? Umepatikana!" Wazee wa kwao wakacheka, wazee wa kwetu wakacheka, na kwa kitambo kidogo, kiasi cha mtu kuvuta pumzi tano au sita, waya ule haukuwepo.

Ndipo nikaona vijana wa Wasendwe wakiinama. Nikadhani wanainama kwa heshima ya marehemu. Nilipata faraja, nikasema moyoni: wameelewa.

Walipoinuka, kila mmoja alikuwa na jiwe.

"Anamtukana babu!" alipiga kelele Sadoki, mjukuu wa Kasuka. "Hata hajafukiwa, anamtukana babu yangu!" Jiwe lake lilinipata juu ya jicho. Nyuma yangu nikasikia sauti ya Lukelo, "Wamempiga babu! Wamempiga babu!" Wote wawili walisema babu, na kwa sauti zile, kama si waya, nisingejua yupi ni yupi.

Kamba ziliniponyoka. Sikumteremsha mtani wangu, wala wanawe hawakumteremsha. Alianguka mwenyewe.

Jiwe la kwanza kutoka upande wetu lilimpiga Bi Tulinave, ambaye alikuwa bado mdomo wazi, hajamaliza kucheka. Kufikia saa kumi walikuwa wamekufa watu sita, naye mmoja wao. Wote walizikwa na ndugu zao wenyewe, kila mmoja upande wake, kimya, bila tusi hata moja.

Redioni, Waziri alisema kwamba matukio yale yamethibitisha usahihi wa taarifa ya wataalamu kwa asilimia mia, na kwamba wilaya yetu imeingizwa rasmi katika orodha ile ya wilaya zenye amani. Bwana Fulgensi alikuja kunijulia hali kitandani. Alilia kwa dhati, kwa kuwa si mtu mbaya, akanishika mkono uliofungwa bendeji. "Mzee wangu," alisema, "laiti tungeufunga waya ule mbali zaidi."

Sasa, ninyi vijana wa mlimani mnaosomewa maneno haya, na wa bondeni pia kama yatawafikia. Kaeni sawa. Vueni kofia. Sikuyaandika ili mnionee huruma. Lukelo, wewe hasa. Ninyi mmefundishwa kuvumiliana, nanyi mnavumiliana kwa mawe.

Agizo langu ni hili, na aliyezaliwa katika ukoo wa Sagamiko halipingi. Siku nitakapokufa, msinizike. Asinishike mwanangu, wala mjukuu, wala Mtani wa Serikali. Niwekeni juu ya ardhi kwenye waya, mkae hapo. Jua lichome, harufu itoke, muivumilie hiyo. Mwiteni Sadoki kwa jina lake. Akija na jiwe, ninyi msiinue jiwe. Muulizeni ana neno gani la kumwambia mzee huyu mbaya. Akilisema, hata kama amelisema kwa hasira, chekeni. Chekeni kwa nguvu mpaka ashangae, kisha mpeni kamba. Na kama hatakuja, mtabaki mnanitazama mpaka mmoja wenu aone haya, avuke, amfuate.

Mmesikia?

Sijasikia mtu akiitika.